Msusi wa kigari: Mvua haimzuii Vidole kubisha hodi

Kumekucha lakini jua halijajitokeza. Manyunyu yanagonga bati la kibaraza, na chini ya bati hilo mwanamke wa makamo anakikagua kigari chake cha umeme kama mama anayemkagua mtoto kabla ya kumpeleka shule. Anabonyeza magurudumu kwa dole gumba. Anaitikisa betri kuona kama imekaa sawasawa. Kisha anauvika usukani kifuniko cha turubai chenye kidirisha cha nailoni ngumu.

"Hiyo taa ya kijani lazima niione," anasema, akigonga kidirisha kwa kucha. "Ikigeuka nyekundu nikiwa njiani, mimi na mvua tutajuana."

Wateja wanamwita Vidole, na ukimwona akisuka huulizi kwa nini. Ni msusi asiye na saluni. Wenzake wanasubiri wateja waje. Yeye anawafuata walipo. Wake ni wale wasioweza kutoka: wazazi waliojifungua juzi, wagonjwa, vikongwe, na wanawake wanaouguza watu ambao hata kwenda dukani ni lazima waombe jirani abaki na mgonjwa.

Kigari chenyewe ni kidogo. Kina kiti kimoja, magurudumu manne, usukani, na kikapu mbele. Kinakunjika kikaingia kwenye buti la teksi. Wengine hukiita skuta ya walemavu, lakini mtaani kwake jina lililoshika ni kigari, naye hana ugomvi nalo.

Anavaa koti fupi la mvua. Refu alilikataa baada ya pindo lake kunaswa na gurudumu la nyuma. Anatia vitana, mafuta na nyuzi kwenye mfuko wa plastiki, anaufunga fundo, anauweka kikapuni. Fimbo yake anaichomeka ubavuni. Halafu anaondoka taratibu, mwendo wa mtu anayetembea huku akiwaza.

Njia anayopita si ya mkato. Mbele ya duka la dawa kuna vigae vinavyong'aa, anavikwepa. Mfuniko wa chuma wa mtaro nao anauzunguka. "Chuma kikilowa ni sabuni," anasema. Akifika kwenye dimbwi analiangalia kwanza, na kama haoni chini, anageuza.

"Naweza kuzunguka mtaa mzima, nikachelewa, nikaomba radhi," anasema. "Kuchelewa kunasameheka. Kukwama katikati ya maji si mchezo. Nimeshakwama, nakujua kulivyo."

Muuza vocha aliyejibanza chini ya mwavuli wake anampigia kelele, "Vidole! Leo unaogelea?"

"Naogelea! Wewe kaa hapo ukauke!"

Leo anakwenda kwa mwanamke aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama mkwe wa mzazi huyo amekwisha tandika magunia mlangoni, kwa sababu siku ya kwanza kigari kilimchorea ramani ya tope sebule nzima. Vidole anafuta magurudumu kwa taulo kuukuu, gurudumu moja baada ya jingine, kisha anaingia nacho hadi ndani. Anachomoa betri kwa mpini wake, kama anayebeba ndoo, na kuiweka pakavu. Kuchaji hakupo mpaka kila kitu kikauke.

Kiti cha kigari kinazunguka. Anakigeuza, mzazi anakaa kwenye kigoda mbele yake na mtoto mapajani, na kazi inaanza. Vidole hahitaji kusimama hata mara moja.

Zamani alikuwa msusi wa kusimama. Alifanya kazi kwenye saluni ya rafiki yake tangu wote wawili wakiwa wasichana, na Jumamosi moja angeweza kusuka vichwa mpaka akasahau kula. Kisha nyonga ya kushoto ikaanza kuuma. Alidhani ni uchovu. Akaanza kuegemea kiti cha mteja, halafu ukuta, halafu akawa anasuka amekaa juu ya kreti la soda, jambo ambalo wateja hawakulipenda kwa sababu liliwalazimu kuinamisha shingo.

Daktari alimwambia nyonga imelika. Dawa yake ni upasuaji, na foleni ya upasuaji ni ndefu. Jina lake limo humo mpaka leo.

"Mwenye saluni hakunifukuza," anasema. "Aliniita nyuma, akaniambia, 'Shoga yangu, nenda ukapumzike hadi upone.' Alisema kwa upendo, na tunaelewana mpaka sasa. Lakini kupumzika ukiwa na watoto wanaokula, huko si kupumzika."

Akaanza kwenda majumbani kwa fimbo, mlango huu leo, ule kesho kutwa, kwa sababu siku mbili mfululizo nyonga haikukubali. Mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa mpiga chapa mstaafu, bibi mchangamfu aliyekuwa akizunguka uani mwake kwa kigari. Bibi huyo alipofariki dunia, wanawe walimpigia simu msusi aje achukue kitu.

"Walisema ndiyo maagizo ya mama yao. Kumbe alikuwa akiniona ninavyoingia ninachechemea, naye ananipokea amekaa juu ya umeme. Akawaambia, 'Hii si haki. Nikiondoka, mpeni.'" Vidole anasita, uzi ukiwa bado mkononi. "Sikuwahi kumshukuru. Unamshukuruje mtu kwa kitu ambacho amekupa akiwa hayupo?"

Nyumbani, kigari hakikupokewa kwa vigelegele. Mumewe ni fundi wa turubai na viti vya magari, mwenye cherehani kubwa nzito kibarazani. Alikitazama mara moja tu, akasema, "Hicho ni cha wazee," akarudi kwenye kazi yake.

Hakukigusa. Kikiwa mlangoni, alizunguka akaingia kwa nyuma. "Nilikuwa nakikwepa kama mtu anayenidai," anakiri fundi huyo, akicheka kidogo. Kila jioni alikuwa akimchua mkewe ile nyonga kwa mafuta ya moto, na alipata habari za kila dawa iliyosifiwa mjini. Alitaka mke wake atembee. Kigari hakikuwamo katika mipango hiyo.

Vidole akajifundisha mwenyewe kukiendesha, na kwa miezi ya kiangazi mambo yakawa mazuri. Wateja wakaongezeka. Tatizo likaja mvua zilipoanza. Kila wingu lilipotanda alibaki nyumbani, na karibu nusu ya mapato ya msimu ule yakaenda na maji. Wateja wengine walichoka kuahirishiwa, wakatafuta wasusi wengine.

Ndipo akapigiwa simu na binti mmoja, karani wa ofisi, aliyekuwa akimuuguza mama yake. Mama huyo alikuwa amepata kiharusi na kulazwa muda mrefu. Aliporudi nyumbani, nywele zake zilikuwa zimegandana kwa sababu ya kulalia upande mmoja. Wauguzi walishauri zinyolewe.

"Mama hasemi vizuri," binti alimwambia kwenye simu, "lakini tukitaja tu mkasi, anashika kichwa kwa ule mkono mzima. Na leo mdogo wake anakuja. Hawajaonana miaka mingi. Dada, sitaki amkute hivi."

Vidole alitazama nje. Wingu lilikuwa zito, lakini lilikuwa bado mbali. Akasema, "Nakuja."

Kinga yake ya mvua siku hizo ilikuwa mfuko wa plastiki wa dukani, alioufunga kwenye usukani kwa mpira. Alikuwa nusu ya njia mvua ilipoachia. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Kurudi kulikuwa mbali sawasawa na kwenda, kwa hiyo akaendelea. Kwenye kichochoro kimoja maji yalikuwa yamejaa ukuta hadi ukuta. Akajiambia hayawezi kuwa na kina. Gurudumu la mbele likazama shimoni, kigari kikatoa mlio mmoja mwembamba, kikazima.

"Nikabonyeza, hakiwaki. Nikabonyeza tena, na tena. Kumbe ndiyo naharibu zaidi," anasimulia. "Wazo la pili likawa betri. Nikaichomoa, nikavua koti, nikaifunga kama mtoto. Basi nikabaki na gauni, naloa, nimepakata betri."

Kushuka hakukuwezekana, fimbo isingeona pa kukanyaga chini ya maji yale. Akakaa. Watu wawili watatu walipita mbio kandokando ya ukuta. Mwanamume mmoja mwenye mwavuli akapunguza mwendo, akamtazama kwa huruma, akatumbukiza sarafu mapajani mwake, akaendelea na safari.

Hapa Vidole anaacha kusuka. Mzazi anageuza shingo amwangalie.

"Nilitaka kumrushia mgongoni. Kwa kweli nilishaishika. Halafu sijui ilikuwaje, kicheko kikanijia. Nikamwita, 'Baba! Rudi! Sarafu yako sina shida nayo. Nina shida na mikono yako!'"

Mwanamume yule, ambaye ni muuza viatu, alirudi huku uso umemshuka. Akaichukua sarafu yake. Vidole akamwonyesha kishikio kilicho nyuma, kile kinachoachia magurudumu ili chombo kisukumwe kikiwa kimezima. Muuza viatu akafunga mwavuli, akakunja suruali, akasukuma. Vidole akashika usukani.

"Unakwenda wapi na mvua hii?" muuza viatu aliuliza walipotoka majini.

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Kusuka."

Akasukuma hatua kadhaa. Kisha akasema, "Basi mke wangu naye ana nywele."

Mzazi anacheka mpaka mtoto anashtuka. Vidole naye anacheka, kwa sababu mke wa muuza viatu ni mteja wake wa kudumu sasa, na kwa maelezo yake, ana nywele kwelikweli.

Kwa karani walimpokea akichuruzika. Akapewa nguo kavu za binti, zilizombana kidogo, akaketishwa kando ya kitanda. Mgonjwa alimkodolea macho tangu miguuni hadi kichwani, akatamka kwa shida, "Umelowa." Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mgeni tangu atoke hospitali.

"Nimelowa, mama," Vidole alimjibu. "Na sikuja na mkasi. Pekua mfuko kama huamini."

Nywele zilikuwa zimekazana kama pamba ya godoro kuukuu. Hakugusa kitana. Alitia mafuta na maji ya uvuguvugu, akaanza kwenye ncha kwa vidole vitupu, unywele baada ya unywele, akipanda juu polepole. Fundo moja kisogoni lilimtoa jasho. Mgonjwa alitokwa na machozi mara moja, akakataa kazi isimamishwe, halafu akalala mikononi mwake. Ilipofika alasiri, Vidole alikuwa akifunga mstari wa mwisho wakati hodi iliposikika.

Mdogo wa mgonjwa alisimama mlangoni na mkoba wake wa safari. Huenda alikuwa ameandaa maneno mengine njiani. Aliyoyasema ni haya: "Dada, umependeza."

Mgonjwa akainua mkono wake mzima, akaupitisha kichwani, mstari kwa mstari, kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Akasema, "Zipo."

"Binti yake alitoka nje akalie," Vidole anasema. "Mimi nilibaki. Nilikuwa na nguo za watu, ningetoka kwenda wapi?"

Kulikuwa na jambo moja ambalo alikuwa akiliogopa, nalo lilikuwa kumpigia simu mumewe. Alijua atakachosikia: nilikwambia. Alimpigia hata hivyo, kwa sababu kigari kilikuwa kimekufa na teksi ya kwanza ilikataa kukipakia kinavyochuruzika. Fundi akaja kwa miguu, na kipande cha turubai begani. Akapitishwa ndani kumsubiri mkewe amalize kubadili nguo.

"Nikamkuta yule mama ameshikiwa kioo," fundi anasema. Anaongea bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Anajitazama upande huu, anageuka, anajitazama upande ule. Mdogo wake kamshika mkono. Nikauliza, 'Nani kafanya hivi?' Wakanishangaa. Wakasema, 'Si mkeo?'"

Alimfunika mkewe kwa turubai, akamsukuma mpaka nyumbani. Walipofika kibarazani ndipo alipomwambia. Mkewe anayakumbuka maneno yenyewe: "Nilikuwa naona nikikikubali hiki, nimekubali kwamba mguu hautapona."

"Nikamwambia, mume wangu, mguu nitaupigania kama kawaida. Foleni yangu sijaitoka. Lakini mguu unauma nikiwa nimekaa ndani, na unauma nikiwa kazini. Afadhali uume nikiwa kazini."

Kesho yake kigari kilipelekwa kwa fundi redio wa mtaa wa pili. Huyo alifungua usukani, akamwaga maji kidogo, akasafisha plagi iliyoanza kuota kutu. Alimgombeza Vidole kwa kubonyezabonyeza swichi kikiwa kimelowa, akaamuru kikaushwe kwa siku kadhaa kabla ya kujaribiwa. Kiliwaka. Betri, iliyopakatwa kama mtoto, haikuwa na neno lolote.

Muda wote kigari kilipokuwa kikikauka, fundi turubai alikuwa akikipima kwa utepe.

Kifuniko chake cha kwanza hakikufaa. Kilikuwa kizuri kwa macho, kimekazwa kama ngoma, lakini kilikandamiza kishikio cha mwendo. Vidole alipowasha, kigari kiliondoka chenyewe na kwenda kuingia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, yeye akiwa juu, akiita kila mtu amsaidie. Jirani alifua upya. Fundi alifumua, akashona cha pili chenye matundu mawili ya mikono kama ya koti, na kile kidirisha cha kuchungulia taa. Siku ya mvua walipokijaribu kwa mara ya kwanza, aliandamana na kigari mtaa mzima kwa miguu, akilowa, akiinama kila mara kuchungulia kama maji yameingia.

"Watu walidhani amepoteza kitu," Vidole anasema.

Hayo hayajamaliza shida zote. Ngazi bado ni ukuta kwake. Mteja wa ghorofani lazima ashuke, au akose. Madereva wa teksi wengine bado hununa wakiona magurudumu yenye tope, hata anapowatandikia nailoni yake mwenyewe kwenye buti. Na mvua kubwa haendi. Ikishuka kama siku ile, anampigia mteja simu na kusema ukweli.

"Sitafuti sifa. Manyunyu naenda, mvua ya wastani naenda polepole. Ikiwa haionekani barabara, hata mwenye gari hanioni mimi. Siku hiyo nasuka binti zangu."

Hata hivyo msimu huu wa mvua, kwa mara ya kwanza, wateja wake wa kudumu wamebaki wote, na ameanza kumfundisha mke wa muuza viatu ili amsaidie kwa nyumba zenye ngazi.

Anapoulizwa anatamani nini zaidi, Vidole hataji upasuaji, wala saluni yake mwenyewe. Anataja kilima.

Mama yake mzazi anakaa juu ya kilima upande wa pili wa mji, barabara yenye mwinuko mkali na lami iliyochakaa ambayo teksi huikataa. Tangu nyonga iharibike, Vidole hajafika huko. Mama ni mzee, hawezi kushuka, na hataki mikono mingine. Wasusi wawili wameshapelekwa kwake. Wote aliwapa chai akawaaga. Sasa anajisokota mabutu mwenyewe na kufunga tu kitambaa.

"Mimi nasuka mama za watu mji mzima," anasema Vidole. "Mama yangu mimi anafunga kitambaa."

Kilichokuwa kikimzuia ni betri. Iliyopo imezeeka, na mwinuko ule ungeimaliza kabla ya nusu ya njia. Fundi redio amempatia nyingine iliyotumika kidogo, akaipima, akaridhika nayo. Mume ameweka magurudumu ya nyuma yenye meno zaidi, kwa sababu lami ya huko ikilowa huteleza, na amesema atatembea nyuma ya kigari mpaka juu. Safari ni Jumapili hii.

Mzazi amekwisha sukwa. Mama mkwe analeta kioo. Simu ya Vidole inaita, naye anaipokea kwa bega, mikono ikiwa bado na mafuta. Ni mama yake. Sauti ya bibi inasikika chumba kizima, kwa sababu ni mtu anayeamini kwamba simu ni lazima ipigiwe kelele.

"Nasikia huko kwenu kunanyesha! Usije ukaja na mvua Jumapili!"

"Kukinyesha kidogo nitakuja, mama. Kukinyesha sana nitasubiri ipungue, halafu nitakuja."

"Na huo mlima?"

"Tutaupanda."

"Sasa mimi nifanye nini?" bibi anauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Wewe vua kitambaa, mama," anasema Vidole. "Anza kufumua."